Vipindi vya zamani vilivyotutisha utotoni: nini kiliwatoa woga?

Mama Shani:

Wakuu, habari zenu.

Kuna jambo limenikaa rohoni, naomba nilitoe hapa. Binti yangu wa miaka minne alikaa na baba yake kutazama The Incredible Hulk, ile tamthilia ya zamani ya Bill Bixby na Lou Ferrigno, siyo sinema za siku hizi. Baba mtu alijua mtoto atalipenda jitu la kijani linalowatetea wanyonge. Tangu siku hiyo mtoto hataki kulala peke yake. Cha ajabu, jitu lenyewe halitaji kabisa. Anachosema ni kwamba "macho ya yule mjomba yamegeuka".

Macho hayo nayajua. Nilikiona kipindi hicho hicho nikiwa na umri unaokaribiana na wake. Wanaokikumbuka watanielewa: Dakta Banner, anayeigizwa na Bixby, ni mtu mpole, anaongea kwa sauti ya chini, hana ugomvi na mtu. Halafu anaumizwa au anachokozwa, kamera inamsogelea usoni, mboni zinabadilika rangi, muziki unapanda, shati linaanza kupasuka mgongoni. Jitu likishatoka nilikuwa napata nafuu, maana angalau sasa unajua unatazama nini. Zilizoniumiza ni zile sekunde za katikati, mtu si mtu tena na jitu halijawa jitu. Kwa miaka mingi mtu mzima akikasirika mbele yangu, nilikuwa nakimbilia kuangalia macho yake kabla ya kusikia anachosema.

Kaka yangu, aliyenipita miaka sita, alikuwa pembeni yangu kwenye kochi lile lile akishangilia.

Binti nimemweleza kwamba yule ni mtu tu, kapakwa rangi. Ananisikiliza vizuri, anaitikia, na usiku ukiingia analia. Naomba mnisaidie: nyinyi mlitishwa na kipindi gani, kitu gani hasa ndani yake, na nini kiliwatoa woga? Ila jamani, msiniambie atazoea. Mimi sikuzoea, nilinyamaza tu.

Kanda Mbili:

Pole sana dada, na mpe pole mtoto.

Kwangu mimi ilikuwa sauti. Doctor Who, ile tamthilia ya BBC ya safari za wakati, ilipokuwa inaanza, kabla hujaona chochote cha maana, ule muziki wa mwanzo ulikuwa unanitoa chumbani. Hata nikiwa chumba cha pili na mlango umefungwa, besi yake ilipita ukutani. Madude ya Dalek, wale maadui wa kwenye kipindi hicho, niliweza kuyatazama kwa jicho moja. Muziki ule hapana.

Ukubwani nikautafuta ulivyotengenezwa. Tuni ilitungwa na Ron Grainer, lakini aliyeigeuza ikawa kile tulichokisikia ni Delia Derbyshire, mwaka 1963, kwenye karakana ya sauti ya BBC. Vinanda vya kielektroniki tunavyovijua leo hakuwa navyo. Alirekodi uzi mmoja ukidonolewa, akachukua milio ya mashine za kupimia vifaa vya umeme, akakata kanda vipande vipande kwa mkono na kuviunga noti moja baada ya nyingine. Na ule mngurumo wa TARDIS, chombo cha kusafiria cha kwenye kipindi, ikiondoka? Brian Hodgson aliburuta ufunguo wa nyumba kwenye nyuzi za piano kuukuu. Nilipolijua hilo nilichukua ufunguo wangu nikauburuta kwenye uzi mnene wa gitaa, na nikausikia mngurumo ukitoka mkononi mwangu mwenyewe. Siwezi kueleza raha niliyoipata.

Watu waliotengeneza vipindi vile walijua sana kutisha kwa kitu kidogo. Tarehe 21 Desemba 1963, Dalek alipotokea mara ya kwanza kabisa, watazamaji walionyeshwa mkono wake tu na mwanamke akipiga kelele, kisha kipindi kikaisha. Wiki nzima mtoto anabaki na mkono huo, na mwili wote uliobaki anauumba mwenyewe kichwani. Hakuna fundi wa vinyago anayeweza kushindana na hilo.

Siku mkirudi kutazama, anza kwa kuzima sauti kabisa. Utaona uso wa Bixby unavyopungua nguvu.

Mwalimu wa Awali:

Mama Shani, binti yako yuko sawa, na wewe ulikuwa sawa.

Nafundisha watoto wa umri huo na suala hili nalipenda, nivumilieni nikirefusha. Kipindi hicho hicho cha Hulk ndicho walichokitumia watafiti miaka ya 1980. Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin na wenzake waliwaonyesha watoto wa umri tofauti, wakaangalia nani anaogopa wapi. Wadogo kabisa, wale ambao hawajaanza shule, walitishwa na kugeuka kwa Banner kuwa jitu. Wakubwa hawakusumbuliwa sana na hapo, kwa sababu wanajua ndani ya ngozi ya kijani bado kuna mtu yule yule na amekuja kuokoa. Mtoto wa miaka minne anaujua ulimwengu kwa sura yake. Sura ikibadilika, kwake kitu chenyewe kimebadilika. Mwanadamu mwema amegeuka mbele ya macho yake. Sasa fikiria unaambiwa "usijali, ni rangi tu". Ili neno hilo limtulize inabidi ashike mambo mawili kwa pamoja, kile anachokiona na kile kilichopo kweli, na uwezo huo ndio kwanza unaota.

Ndiyo maana anaitikia mchana na analia usiku. Hakudanganyi. Neno amelipokea, ila halijafika kule woga ulikokaa.

Tafiti nyingine za akina Cantor zinaonyesha kwamba kwa wadogo yanayofanya kazi ni ya mwili na macho: kukumbatiwa, kushika kitu anachokipenda, kunywa kitu, kukaribishwa kwenye chanzo cha woga kidogo kidogo. Maelezo yanaanza kusaidia kweli umri unaposogea, miaka minane, tisa hivi na kuendelea. Wazazi wengi wanafanya kinyume chake, kwa nia njema kabisa: mdogo anahubiriwa, mkubwa anaambiwa nenda kalale.

Kuna mtu aliyelielewa hili mapema sana, naye ni Fred Rogers, yule mtangazaji wa vipindi vya watoto wa Marekani. Watoto wengi walikuwa wanaliogopa jitu hilo, na mwaka 1980 akawapeleka kwenye kipindi chake hadi mahali Hulk inapopigwa picha. Wakamwona Lou Ferrigno amekaa kwenye kiti, ana sura yake ya kawaida, anapakwa rangi hatua kwa hatua mpaka anakuwa wa kijani, na muda wote anaongea kama mtu. Hakuna muziki, hakuna hasira. Mabadiliko yale yale yaliyotisha, safari hii yanakwenda polepole na mtu haondoki. Nakipenda kipande hicho kuliko mihadhara mingi niliyowahi kuisikia kuhusu watoto.

Darasani ninacho kinyago kimoja. Simvalishi mtoto, na sikivai ghafla. Yeye ndiye ananivalisha, na mimi naendelea kuongea kwa sauti yangu ile ile uso ukifunikwa. Akisema toa, natoa papo hapo. Wengine wanakivalisha na kukivua mpaka wanachoka, na wakichoka tunaendelea na mambo mengine. Nenda nyumbani ukafanye hivyo kwa rangi. Mikono iwe ya mtoto, uso uwe wa baba.

Na hilo la kusema wewe ulinyamaza tu, hukuwa peke yako. Mwaka 1999 Cantor na Kristen Harrison walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa chuo kikuu: tisa kati ya kumi walikumbuka kipindi au sinema iliyowatisha zamani, na takriban robo walikuwa bado wana mabaki ya woga huo.

Dirisha la Kushoto:

Mimi ni katika robo hiyo.

Salem's Lot, tamthilia ya wafu wanyonya damu iliyoongozwa na Tobe Hooper, ya mwaka 1979. Niliiona kwenye kanda ya video watu wazima wakidhani nimelala. Mtoto aliyepotea anarudi usiku, anaelea nje ya dirisha la kaka yake katikati ya ukungu, anatabasamu, na anakwaruza kioo kwa kucha. Kaka yake anaamka na kumfungulia. Hapo ndipo paliponimaliza. Adui hakuvunja mlango. Alikuja mtu wa nyumbani, anaomba kuingia, na aliye ndani anamfungulia kwa mapenzi.

Nimesoma baadaye kwamba tukio hilo lilipigwa picha kinyumenyume, kisha likachezwa kuanzia mwisho. Ndiyo sababu ule ukungu unatembea visivyo. Nilipokuwa mtoto sikuweza kusema kasoro iko wapi, lakini niliihisi.

Kitanda changu kilikuwa chini ya dirisha. Nilimwambia bibi nataka kihamishwe, bila kueleza kwa nini. Bibi hakuuliza. Alishika upande mmoja, mimi upande mwingine, tukakipeleka ukuta wa pili, akashusha pazia, akakaa mguuni mpaka nikasinzia. Nilipokuwa mkubwa nikamuuliza kama alijua. Alinijibu kwamba mtoto akikataa dirisha, dirisha hilo lina jambo, na jambo lenyewe atalisema akiwa tayari.

Nakubaliana na Mwalimu kwa kila neno. Hakuna maneno yaliyonisaidia kama kile kitanda.

Kitindamimba:

Niongeze kidogo kuhusu vipindi vinavyojifanya vya kweli. Ghostwatch ya BBC ilionyeshwa usiku wa tarehe 31 Oktoba 1992. Ilikuwa tamthilia iliyorekodiwa mapema, ila iliwekwa katika sura ya matangazo ya moja kwa moja, na waliosimama mbele ya kamera walikuwa watangazaji wenyewe, Michael Parkinson studioni na Sarah Greene ndani ya nyumba yenye mzimu. Sarah Greene watoto walimzoea kwenye vipindi vyao. Mtu unayemwamini ndiye anayepotelea gizani. Mwaka 1994 madaktari waliandika katika jarida la British Medical Journal kuhusu wavulana wawili wa miaka kumi walioumwa kweli kwa woga baada ya kuitazama. Kwa hiyo Mama Shani umefanya vyema kulichukulia jambo hili kwa uzito. Wapo watakaokucheka, waache.

Kaka wa Wanne:

Nimesoma habari ya kaka yako aliyekuwa anashangilia, nikajiona. Mimi ni wa kwanza kwetu, nina wadogo watatu. Madude, mizimu, majitu, yote niliyatazama nimekunja mikono, kwa sababu wadogo walikuwa wananiangalia mimi kujua kama hali ni salama.

Kilichonipata ni The Day After, filamu ya televisheni kuhusu vita vya nyuklia. Ilionyeshwa Marekani tarehe 20 Novemba 1983 na watu wapatao milioni mia moja waliitazama usiku huo. Mimi niliiona baadaye, nikiwa na umri wa kusoma magazeti. Makombora yanapaa kutoka mashambani Kansas, watu wamesimama wanayatazama yakienda, na kila mmoja anajua maana yake ni kwamba mengine yako njiani kuja. Kisha mwanga mweupe, na watu wanaonekana mifupa kama kwenye picha ya eksirei. Wadogo zangu waliendelea kucheza sakafuni, hawakuona cha kutisha, maana hakukuwa na jitu. Mimi nililala nikisikiliza kila ndege ya angani. Rais Reagan aliitazama kabla haijaonyeshwa kwa umma na akaandika katika shajara yake kwamba ilimhuzunisha mno. Mzee mzima, mwenye amri juu ya makombora yenyewe.

Baba alinisaidia kwa njia moja: alinijibu. Kila jioni nilikuwa na swali jipya, nchi ngapi zinayo, nani anabonyeza, yakirushwa yanaweza kurudishwa. Hakuniambia hayo ni ya wakubwa. Pale asipojua tulitafuta pamoja. Aliniambia na yeye anaogopa, na kwamba wapo watu ambao kazi yao kila siku ni kuzuia jambo hilo. Nilikuwa mkubwa vya kutosha kulishika neno hilo.

Dada, mpigie kaka yako umuulize yeye alitishwa na nini.

Mama Shani:

Asanteni sana, sana. Nimesoma kila jibu zaidi ya mara moja.

Kaka nimempigia. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema ule muziki wa Hulk ulikuwa unamkaba koo, na kwamba alishangilia kwa sauti kubwa ili asiusikie. Tumeongea mpaka usiku, mambo ambayo hatujawahi kuyagusa.

Kuhusu binti, leo jioni tumechukua rangi za kupaka usoni. Baba yake amekaa kwenye kiti, mtoto kapaka paji la uso, mashavu, kidevu, masikio yote mawili. Baba anaongea naye muda wote habari za shule. Alicheka sana kwenye masikio. Ila alipofika karibu na macho akaweka brashi chini na kukataa. Mwalimu, nimsubiri, au nimshike mkono tumalizie pamoja?

Mwalimu wa Awali:

Usimshike mkono. Macho yabaki ya baba.

Kesho warudie, na rangi iishie pale pale atakapoishia mwenyewe. Kisha baba afumbe macho, na mtoto ndiye atoe amri ya kuyafumbua. Afumbue polepole, amtazame, amwite jina lake. Akitaka tena, tena. Akikataa, muoshane uso, mtoto ashike kitambaa aone ngozi ya baba ikirudi chini ya rangi. Sauti ya kipindi na picha yake viache kabisa kwa sasa, mpaka aombe mwenyewe. Na huko chumbani kwake, kama ana upande wa kitanda asioutaka, mbadilishieni.