Tupeane uzoefu: mwaka huu Krismasi tunabaki Arusha, nyumba naipambaje?

Mama Wawili wa Sakina, 12 Desemba

Wadau, habari za jioni. Nina miaka 14 hapa Arusha na sijawahi kupamba nyumba yangu kwa Krismasi hata mara moja. Sababu wenzangu wa mlimani mnaijua: tarehe 22 tunafunga mlango, tunabanana kwenye gari na mchele na kreti za soda, tunapanda Kibosho, kwetu Kilimanjaro, tunarudi mwaka mpya. Nyumba ya Arusha Desemba ni ya paka. Kupamba tunapamba kwa mama.

Mwaka huu mama amefanyiwa upasuaji wa nyonga na daktari hataki apande vile vilima, kwa hiyo anashuka yeye kuja kwetu. Watoto wameshaanza kuulizia mti. Leo nimezunguka Soko Kuu, nimeona vimti vya plastiki vya kila kimo, nikashika kimoja, nikakirudisha. Sijui naanzia wapi. Nyie mlianzaje? Na mlipoharibu pia semeni.

Mkata Saiprasi

Dada, achana na plastiki. Kwetu Machame uzio wa nyumba ni saiprasi, unakata tawi la kimo unachotaka na harufu yake unaipata bure.

Ila usifanye nilivyofanya mimi mwaka 2016. Mtoto wa kwanza, kiherehere, nikakata tarehe 8. Ndoo ya lita 20, mchanga mkavu, nikashindilia, nikajisifu. Tarehe 18 mti ukaanza kupukutika, kila anayepita sebuleni anaondoka na majani kwenye soksi. Krismasi yenyewe ilitukuta na kitu cha kahawia kama ufagio wa chelewa. Tena nilikuwa nimeingiza na sisimizi, wakahamia kwenye sukari.

Siku hizi nakata tarehe 22 jioni, jua likishapoa. Nikifika nyumbani nachonga upya mwisho wa shina kwa panga ndipo natumbukiza. Kokoto chini, mchanga uliolowa juu, kikombe cha maji asubuhi na kingine jioni. Unavuka mwaka mpya ukiwa kijani. Ndoo naizungushia kanga ya mke wangu, lakini chagueni kanga kwa akili: mwaka jana wageni walikuwa wanainama kusoma maneno kisha wanatuangalia mimi na mama mkwe.

Na kata wa kwako au omba jirani. Msitu wa hifadhi usiuguse.

Njiro Kona

Puto. Pulizeni mkesha wenyewe, siyo siku mbili kabla. Zinasinyaa zinakuwa kama mapera yaliyooza. Basi.

Taa Zinaimba

Mimi nataka kuwaonya kuhusu taa. Nilinunua soko la Kilombero zile za kumetameta, muuzaji akaniambia "hizi zina muziki, mama", nikaona nimeokota dhahabu. Kuna kidude cheusi kwenye waya chenye vitundu, ndicho kinachoimba. Hakina kitufe cha kuzima. Nyimbo ni tatu, sauti ni ya mbu aliyemeza filimbi, zikiisha zinaanza upya.

Siku ya pili mume wangu akakifunga kwa soksi. Siku ya tatu akaongeza mto. Jumuiya wakaja kusali kwetu, tukazima taa zote za mapambo, tukaanza. Umeme ukakatika. Tukaendelea kwa mshumaa, utulivu mzuri kabisa. Umeme ukarudi katikati ya sala, na kumbe katika kuhangaika na giza mtoto alishabonyeza swichi ya ukutani. Kidude kikaanza wimbo wa kwanza, kutoka ndani ya soksi, chini ya mto. Mwenyekiti wa jumuiya alijitahidi mstari mmoja, halafu mabega yakaanza kumtikisika.

Jaribuni taa dukani, mzisikilize. Na msiunganishe nyuzi nne kwenye soketi moja ya ukutani, gusa plagi baada ya saa moja, ikiwa ya moto punguza.

Fundi Mapazia, Majengo Moshi

Asalaam aleikum. Mimi Krismasi siisherehekei ila naijua kuliko wengi wenu, maana nawashonea. Huku mjini mikrismasi ya barabarani imeshawaka maua mekundu, na ikiwaka tu najua cherehani yangu haitalala.

Nawaambia ukweli mnaobishana habari ya mti: mama wa Kichagga akisema "napamba nyumba" anamaanisha mapazia, vitambaa vya makochi na foronya. Mti ni wa watoto. Mteja anakuja tarehe 21 kitambaa kiko begani, namuuliza dirisha lina upana gani, ananipanulia mikono: "hivi hapa". Hiyo mikono inafupika njiani, dada zangu! Pimeni kwa futi kamba, fimbo ya pazia ncha mpaka ncha, siyo kioo. Kitambaa zidisheni mara mbili ya upana huo ndipo mikunjo ikae. Na mje sasa hivi, siyo wiki ya mwisho.

Ada Januari

Wote mnasahau Januari ina ada. Pambeni kwa maua ya uani.

Taa Zinaimba

@Ada Januari kila mwaka unasema hivyo na kila mwaka unakula pilau kwa watu.

Mwalimu Mstaafu, Old Moshi

Hamjambo wanangu. Nawarudisha nyuma, mwaka 1981 na 1982. Vita ya Kagera imeisha, madukani rafu tupu, sabuni ni ya foleni. Mapambo ungeyatoa wapi? Tulikuwa tunaokota pakiti za sigara. Ndani mna karatasi ya kung'aa iliyogandishwa kwenye karatasi nyeupe. Unailowesha, unaibandua polepole, unailaza juu ya daftari na kuisugua kwa ukucha wa kidole gumba mpaka mikunjo yote iishe, ing'ae kama kioo. Ukiharakisha inachanika. Nyota moja ilitaka pakiti sita. Baba alikuwa mvutaji: mama anamsihi aache, sisi watoto tunaomba kimoyomoyo avumilie mpaka Krismasi.

Theluji tuliifanya kwa pamba, tunanyofoa vipande na kuviweka juu ya matawi. Asubuhi mawingu yakifunguka unatoka nje unaiona theluji yenyewe juu ya Kibo, mita 5,895, halafu unarudi ndani kurekebisha pamba. Hakuna aliyeshangaa.

Mkata Saiprasi

Shikamoo mwalimu. Aika mbe, asante sana.

Mjukuu wa Uru

Kwetu ni pango la kuzaliwa Yesu. Udongo wa mfinyanzi tunautoa kando ya mto, ng'ombe tunamfinyanga vizuri kwa kuwa yuko zizini tunamwona. Ngamia walitushinda, wakatokea mbuzi wenye shingo ndefu.

Sheria ya bibi: Mtoto Yesu hawekwi horini mpaka tukirudi misa ya usiku tarehe 24. Bibi ndiye anayemficha. Mwaka mmoja alimficha vizuri mno. Tulipekua kabati, mitungi, hadi debe la mahindi. Sikukuu yote hori likakaa na majani matupu. Padre alipopita kubariki nyumba akainama, akatazama, akauliza. Bibi hakubabaika: "Bado yuko njiani, Baba."

Alipatikana Machi, ndani ya bakuli la supu la wageni.

Mama Wawili wa Sakina, 24 Desemba

Mmenichekesha mpaka nimepata nguvu. Ripoti: tawi la saiprasi tumepewa na jirani, limo ndooni, kokoto chini, kanga ni ile isiyo na maneno makali. Mapazia nimechelewa, nimefua ya zamani. Taa tumezisikiliza dukani, hazisemi.

Mama amefika jana na gari la kaka. Kaukagua mti, kasema umepinda. Kavuta kiti karibu na dirisha, kachomoa kwenye kapu fungu la masale, majani yetu ya heshima ya Kichagga, aliyoyakata akiwa na magongo yake pale mpakani mwa shamba, akaagiza tuyaweke kwenye chupa mlangoni. Tumeweka.

Usiku nikamkuta hajalala. Nikadhani ni nyonga. Kumbe alimlipa kijana wa jirani kule Kibosho afagie uwanja, asimamishe migomba miwili getini na kuwasha taa barazani leo jioni, kama kila mwaka. "Watu wakipita waone giza watasema pale wamehama." Sasa kijana hapokei simu tangu asubuhi, na kila nusu saa naulizwa.

Kuna anayepanda Kibosho leo?

Mkata Saiprasi

Niko Boma Ng'ombe, lakini nina ndugu wa kumshusha Kibosho kabla sijaenda kwetu. Nielekeze faragha, nitapiga picha.

Mkata Saiprasi, saa 1:40 usiku

Dada, mwambie mama migomba imesimama na uwanja umefagiliwa. Taa ilikuwa bado. Kijana nimemkuta getini anatafuta soketi. Nimemsaidia.