Mjadala: Mshukiwa mwenye ulemavu wa akili akae na nani mbele ya polisi?

Nianze na msimamo wangu. Naunga mkono raia wa kujitolea waruhusiwe kukaa na mshukiwa mwenye ulemavu wa akili tangu anapofikishwa kituoni, si kungoja mpaka kesi itajwe mahakamani. Sheria ya Kenya haizuii. Tunachokosa ni mpango.

Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inampa aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika. Ibara ya 50(7) inaruhusu mahakama kumkubali mtu wa kumsaidia mlalamikaji au mshtakiwa kuwasiliana nayo. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A, inataka anayekiri kosa mbele ya afisa wa polisi awe na mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe. Sawa. Lakini asiyekumbuka hata namba ya simu ya dadake atamchagua nani saa nane za usiku?

Baadhi ya washukiwa hawa hujibu "ndiyo" kwa lolote wanaloulizwa, kumridhisha anayeuliza au ili waachiliwe waende nyumbani. Ulikuwepo? Ndiyo, afande. Ulikuwa umelala kwenu? Ndiyo, afande. Inayoandikwa ni ile ndiyo ya kwanza.

Waingereza waliyajua haya kwa uchungu. Mwaka 1972, Maxwell Confait aliuawa London, na vijana watatu wakatiwa hatiani kwa maungamo waliyoyatoa mbele ya polisi. Mmoja alikuwa na miaka 18 na ulemavu wa akili. Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu hizo mwaka 1975. Kesi hiyo ilichangia sheria ya polisi na ushahidi ya 1984, na chini ya kanuni zake mshukiwa wa aina hii huitiwa mtu mzima wa kukaa naye. Baadhi ya wasaidizi hao ni raia wa kujitolea.

Wapinzani husema serikali itapata mwanya wa kukwepa wajibu wake. Hofu hiyo ina msingi, kwa hiyo nauli na mafunzo vilipiwe na serikali.

Hoja inayonisumbua zaidi ni nyingine: mtu asiyefunzwa akikaa kimya kitini, hati itaonyesha kulikuwa na shahidi, na ungamo baya litapata baraka. Hapo ni heri kiti kibaki kitupu! Msaidizi lazima ajue kuomba swali lirudiwe kwa maneno mepesi, kudai mapumziko, na kusisitiza wakili aitwe. Asiteuliwe na polisi. Tena asimhoji mshukiwa kuhusu kisa chenyewe, maana yeye si wakili, na anaweza kuitwa kutoa ushahidi juu ya alichoambiwa.

Najua wengine mtasema jamaa wanatosha. Wakiwepo na wakiwa upande wake, vizuri sana. Ila mara nyingine mlalamikaji ni jamaa huyo huyo, au ni mzazi aliyechoka anayemwambia mwanawe, "Kubali tu yaishe."

Mawakili na maafisa wa polisi mnaosoma, nisaidieni hapa: orodha ya wasaidizi hawa iwekwe na mahakama, kaunti au vyama vya watu wenye ulemavu? Na msaidizi akichelewa, mahojiano yasimame kwa muda gani, ilhali mshukiwa anapaswa kufikishwa kortini ndani ya saa 24?