Naomba ushauri: manung'uniko ya Waisraeli na kilio cha Musa, tofauti ni nini?

Bwana asifiwe wapendwa. Alhamisi ni zamu yangu kufundisha kwenye kikundi chetu cha maombi, na nimekwama kwenye Biblia, kitabu cha Hesabu sura ya 11.

Watu wanalilia nyama. Wanakumbuka samaki, matango, matikiti na vitunguu saumu vya Misri, na mana, chakula walichopewa na Mungu jangwani, wameichoka. Wanaletewa kware, kisha pigo linawashukia nyama ikiwa bado kati ya meno yao. Lakini sura hiyohiyo Musa naye analalamika, tena kwa maneno mazito: mzigo umemzidi, afadhali auawe. Yeye hapigwi. Anapewa wazee 70 wa kumsaidia.

Nimerudi kwenye kitabu cha Kutoka sura ya 16, ambako walinung'unika wakapewa kware na mana bila pigo. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia shida ni kukosa imani, basi. Halijanitosha, maana wiki iliyopita mama mmoja alieleza kodi ya nyumba inavyomtesa, akaambiwa aache kunung'unika kama Waisraeli. Alinyamaza, akawa anakunja na kukunjua pindo la kanga yake mpaka tukafunga ibada. Mimi ndiye kiongozi, na sikusema kitu. Inaniuma mpaka leo.

Naomba mnisaidie: ni nini hasa katika maandiko kinachotenganisha manung'uniko ya watu na kilio cha Musa? Na yule mama, nimwombe radhi mbele ya kikundi, au nimfuate kwanza nyumbani kwake?

Natanguliza shukrani.