Mjadala: Mwalimu alipwe kwa idadi ya watoto waliofaulu hesabu?

Wadau, kila matokeo ya darasa la saba yakitoka linarudi wazo lile lile: mlipe mwalimu kwa ufaulu, watoto watajua hesabu. Uingereza walilijaribu kuanzia 1862, na ndiyo sababu nalipinga.

Msimamizi wake alikuwa Robert Lowe. Mtoto mwenye mahudhurio ya kutosha aliweza kuiletea shule shilingi 8. Mkaguzi alikuja kumpima kusoma, kuandika na kuhesabu, KKK zetu hizi hizi. Akianguka somo moja, shule inakatwa shilingi 2 na peni 8. Shilingi ilikuwa peni 12, kwa hiyo akianguka yote matatu, zile 8 zimekwisha zote. Na mishahara ya walimu wengi ilitegemea fungu hilo.

Kiwango cha pili cha mtihani huo kilidai hesabu moja ya kujumlisha au kutoa, pamoja na tebo. Mwalimu mwenye njaa atafundisha nini zaidi ya hapo? Matthew Arnold, aliyekuwa mkaguzi, aliandika mwaka 1867 kwamba watoto waliweza kuandaliwa wakapita mtihani bila kujua hesabu kwa kweli.

Namwamini, maana nafundisha darasa la tatu. Nina mtoto anaimba tebo ya saba bila kukwama. Nikamwuliza: sokoni kuna mafungu saba, kila fungu machungwa sita, jumla mangapi? Akaanza kuimba upya, "saba mara moja, saba..."

Mzazi wa watatu: Mwalimu, shikamoo. Mbona umeruka kilichotangulia? Tume ya elimu ya huko Uingereza iliyotoa ripoti mwaka 1861 ilikuta walimu wanawashughulikia wakubwa wa madarasa ya juu, wadogo wameachwa. Lowe alitaka kila mtoto apimwe, mmoja mmoja. Wangu anakaa nyuma kabisa, darasa lina watoto tisini. Nani anamwona huko?

Mwanzisha mada: Marahaba. Hapo umenishika, na sitabisha: kumpima kila mtoto lilikuwa jambo jema. Ubaya ni kumtundikia bei. Aliyekwisha kuwa na uhakika wa kupita hana faida tena kwa mwalimu, basi anakaa akingoja wenzake. Masomo yasiyolipiwa, kama jiografia, nayo yalisukumwa pembeni mwanzoni. Wenyewe waliuacha utaratibu huo katika miaka ya 1890.

Mzazi wa watatu: Sawa, pesa iondoke. Lakini nitajuaje kwamba wangu amepimwa?

Mwanzisha mada: Njoo darasani, uone daftari lake, umwulize mwenyewe mbele yangu. Hiyo ni haki yako. Yule wa machungwa nilimpa punje za maharage. Jana alipanga mafungu saba ya sita sita sakafuni, akahesabu punje moja moja kwa kidole hadi arobaini na mbili, kisha akaniangalia na kusema, "Kumbe ndiyo tebo!" Ilimchukua karibu dakika kumi. Mbele ya mkaguzi wa Lowe angehesabiwa ameanguka.