Salongo ya kinamasi: MAGUNIA!!

Mama Furaha 5:52
Jambo wote. Jumamosi tarehe 22, saa moja asubuhi, salongo (kazi ya pamoja) ya kinamasi: tunafunga mfereji na vizuizi vya magunia ya udongo ili kinamasi kirudi. Mlete magunia ya mchele au ya sukari, panga, jembe, kamba, mabuti. Ya simenti, yale ya karatasi, msilete, yanaoza kabla ya Noeli. Jibuni HAPA, si kwangu pembeni.

Neema 6:40
👍

Mama Furaha 7:15
Watu 41 wamesoma, jibu ni kidole kimoja. Kidole hakibebi udongo.

Mama Furaha 7:21
Hesabu ni hii. Mfereji una upana wa mita 1,20 na kina cha sentimita 60. Kizuizi kiingie sentimita 50 ndani ya kila ukingo na 20 chini ya kitako. Magunia yanalazwa kufuata mkondo, safu mbili, tabaka nne. Ni 44 kwa kizuizi kimoja. Vizuizi vitatu, 132. Tuko na 60.

Neema 9:03
Mbona vitatu? Kimoja kikubwa hakitoshi?

Papa Mugisho 9:10
Maji yote yataegemea hapo, mvua moja kubwa kinaondoka chote. Tulipima na ule mpira wa maji unaoonyesha ndani: toka juu paka chini mfereji unashuka sentimita 90. Kila 30, kizuizi, ili maji ya kile cha chini yarudi yaguse kitako cha kile cha juu. Udongo uwe wa mfinyanzi. Gunia lijae nusu tu, likijaa sana linakuwa gumu na maji yanapita kati ya moja na jingine. Katikati ya kizuizi pawe chini kuliko pembeni, sentimita 10 hivi. Maji yapite juu ya katikati, yasizunguke ukingo. Halafu funikeni na mabonge ya majani, jua linakula yale magunia ya plastiki.

Jospin 9:14
Kizuizi cha Machi maji yalikizunguka 😂 Na mchanga wake ulikuwa wa nani?

Papa Mugisho 9:15
Muulize aliyeuuza.

Mama Furaha 9:15
Hayo tuliyamaliza kwa shefu wa avenyi (mkuu wa mtaa).

Jospin 9:16
Hatukuyamaliza mama, tulikunywa kasiksi, pombe ya ndizi

Bahati 9:17
Jumamosi kasiksi itakuwepo??

Neema 9:17
😂😂😂

Mama Furaha 9:20
MAGUNIA.

Papa Cikuru 11:48
Mimi sikuulizwa. Mfereji huo ndio unatoa maji kwenye shamba langu. Mkiufunga, maji yanalala kwangu na mbu wanakuja kwa watoto wetu wote. Na bidoni (madumu) zangu sita, zile zilizofungwa kwenye kamba ya kuzuia takataka mtoni, mwaka mzima hazijarudi.

*Ujumbe huu umefutwa*

Neema 12:05
Papa Cikuru, kwa heshima. Mbu wa malaria mara nyingi anatafuta dimbwi dogo lenye jua: mashimo ya matofali, alama za kwato. Ndani ya mafunjo yaliyoshonana kuna kivuli, wengi hawapapendi. Tulipoyafyeka ndipo tulipomkaribisha.

Papa Mugisho 12:11
Na mateke (magimbi) yanavumilia maji ya kifundoni, mradi yawe yanatembea. Yanayooza ni maharagi na viazi vitamu, na hivyo vilipandwa mle baada ya mfereji.

Papa Cikuru 12:13
Bidoni?

Jospin 12:20
Papa, mbili ziko kwangu. Zina mafuta ya mawese sasa

Papa Mugisho 12:26
Kamba ile ilikuwa kazi nzuri. Chupa zikipita hapa zinaingia ziwa Kivu, zinatoka na mto Ruzizi, zinaenda kukaba mitambo ya umeme ya Ruzizi I. Ila ilifungwa ikikata mkondo moja kwa moja. Ifungwe mshazari, takataka ziteleze zije ukingoni, na mtu azitoe kila baada ya mvua. La sivyo uzito unaikata.

Bahati 12:31
Na ile mikaratusi ya juu? Tunaikata lini

Papa Mugisho 12:34
Ukikata tu inachipua. Bandua gome la kisiki paka chini ya udongo, kifunike, halafu urudi kila mara kuvunja vichipukizi. Nani anarudi?

Mzee Balola 14:02
Watoto wangu, nimesoma yote. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni ya Serikali. Kinamasi si cha Cikuru, na si cha avenyi. Lakini mtu hafungiwi maji shamba likiwa na chakula. Kizuizi cha juu kijengwe Jumamosi, hakigusi mateke. Cha chini kingoje Cikuru avune. Na bidoni zake zirudi kabla ya jembe la kwanza kuinuliwa. Nimesema.

Neema 15:30
Ndiyo Mzee.

Papa Mugisho 15:41
Aksanti Mzee. Hata kwa kazi yenyewe ni sawa, kuanza juu kunapunguza nguvu ya maji kwa wale wa chini.

Mama Furaha 15:44
Aksanti Mzee. Papa Cikuru, utavuna lini?

Mama Furaha 17:10
Papa Cikuru?

Papa Cikuru 18:55
Mzee amesema nivune. Hakusema lini. Mateke yanataka miezi miwili bado.

Mama Furaha 18:57
Miezi miwili ni Oktoba, mvua itakuwa imeshika! Mfinyanzi ukilowa hauingii guniani. Na mafunjo yapandwe Septemba, kila kipande cha mzizi na macho mawili au matatu, shina likatwe libaki nusu mita, mita moja kati yao, maji yasipite sentimita 20. Tukichelewa paka Novemba mafuriko yanang'oa kila kitu.

Papa Cikuru 19:30
Tutaona.

Shefu wa avenyi 21:40
Mnisamehe, nilikuwa Kadutu. Nina magunia 15. Matatu yametoboka.

Mama Furaha 21:43
Aksanti shefu, hayo matatu yashonwe kesho. Tumefika 75. Kizuizi cha juu kimepata, cha kati kinakosa 13, cha chini sijui. Jospin, bidoni zioshe na sabuni nyumbani kwako, si kwenye mkondo. Zile nne nyingine ziko kwa nani?