Nizwa mwezi wa Juni na mama mwenye presha: twende au tusubiri?

Kijana_wa_Pangani

Salaam nyote. Naomba ushauri wa waliowahi kukaa Oman, hasa bara kule, si Maskati. Mama yangu mdogo kaolewa Nizwa tangu mimi niko shule ya msingi, na kila mwaka anamwita mama waonane. Safari hii likizo yangu imeangukia wiki ya kwanza ya Juni na haihamishiki, bosi keshasaini. Mama ana miaka 68, anatumia dawa za presha, miguu mizima ila ngazi zinamchosha. Joto nalijua, Pangani si mahali pa baridi, lakini kila ninayemweleza ananitazama kama nimesema nampeleka mama kwenye tanuri la mikate.

Je, mtu wa umri wake analiweza joto lile? Tutatoka nje saa ngapi, au ndiyo kukaa ndani na kiyoyozi mpaka siku ya kurudi? Ngome nataka niione, na mnada wa mbuzi ambao mama mdogo hachoki kuusifia. Na mlima wa Jabal Akhdar, gari dogo linapanda?

Bibi_wa_Mwera

Waalaykum salaam mwanangu. Mie nakaa Nizwa, nimezeekea hapa. Njooni. Ila mje mkijua kwamba Juni mji huu una asubuhi na usiku tu, mchana haumo.

Nyuzi 42, 43 ni kawaida, na upepo ukivuma ndiyo kwanza unakukausha. Joto la kwenu linakulowesha, unajiona. La huku jasho linakauka papo hapo, ngozi kavu, mtu anadhani mwili wake haujapoteza kitu. Wageni wa pwani hapo ndipo wanapoangukia. Kwa hiyo mama asingoje kiu, anywe kidogo kidogo tangu asubuhi. Na kabla ya safari mpeleke kwa daktari wake na dawa zake zote mkononi. Ikiwa mojawapo ni ya kumkojoza, kwenye joto hili maji mwilini yatamwishia upesi, na daktari ndiye wa kusema dozi ibaki au ibadilishwe. Usimsikilize jirani, wala usinisikilize mie kwa hilo.

Sasa siku yenyewe. Jua linatoka kabla ya saa kumi na mbili. Mkishasali Alfajiri msirudi kulala, tokeni. Ijumaa ndiyo siku ya mnada, pale pale sokoni chini ya ngome. Wanunuzi wanajipanga duara, wenye mbuzi wanazunguka nao kwa kamba wakipiga kelele za bei, mpaka mtu amshike mbuzi mguu, amtazame meno, waanze kubishana. Ukifika saa tatu umekuta mavi na kamba. Na ikiwa siku za kabla ya Sikukuu ya Mfungo Tatu zitawakuta hapa, mna bahati: kunakuwa na habta, soko la sikukuu, na hapo huoni pa kuweka mguu kwa mbuzi, ng'ombe, majambia na watoto waliovaa vipya.

Ngome nayo ni asubuhi hiyo hiyo. Mnara ule mkubwa wa duara kaujenga Imam Sultan bin Saif Al Yaarubi, karne ya 17, yule yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Wewe panda. Mama abaki chini, ngazi za mnarani ni nyembamba, zinapinda, na juu hakuna kivuli hata cha kuku. Hapotezi kitu, mwonyeshe stoo ya tende: sakafu ina vijifereji, magunia yalikuwa yakirundikwa, asali ya tende inachuruzika yenyewe mpaka kwenye mtungi. Asali hiyo ikichemshwa ndiyo waliyokuwa wakiwamwagia maadui kupitia matundu yaliyo juu ya milango. Mie kila nikimpeleka mgeni pale ananiuliza kama bado wanauza.

Kuanzia saa tano, ndani. Maduka mengi yanafungwa adhuhuri mpaka kama saa kumi, kwa hiyo hata ukitoka utazungukia milango. Kuleni, laleni. Hakuna anayekwambia mvivu.

Halafu kuna jambo mwenyeji hakumbuki kulisema kwa sababu kalizoea: matangi ya maji yako juu ya paa. Adhuhuri ukifungua bomba la maji baridi, yanayotoka yanaweza kukuunguza. Sisi Juni tunazima hita ya bafuni. Hita iko ndani, kivulini, maji yakikaa humo yanapoa, basi bomba la alama nyekundu ndilo linalotoa ya kuogea. Mwambie mama hilo siku ya kwanza, kabla hajaingia bafuni.

Jioni, baada ya Alasiri, mpelekeni Falaj Daris. Ni mfereji wa kale, maji yanatoka chini ya ardhi kwa mteremko tu, bila mashine, na bado yanamwagilia mitende. UNESCO waliuandikisha mwaka 2006 pamoja na mingine minne ya Oman. Mama akae ukingoni, miguu ndani ya maji. Watoto wa mtaani watamrushia maji, asikasirike.

Mzee_wa_Kisauni

Kwa heshima zote bibi, mimi ningewaambia wangoje Novemba. Nimeendesha gari la mizigo Maskati, Nizwa, Ibri miaka mingi, nayajua majira hayo. Serikali yenyewe kuanzia Juni mpaka Agosti inakataza kazi za nje kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana. Kama vijana wa ujenzi wanaambiwa waingie kivulini, mama wa miaka 68 anatafuta nini?

Wakienda basi: dawa zisiachwe garini hata dakika kumi. Dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na gari lililofungwa juani linapita hapo kabla hujamaliza kulipa dukani. Na upepo wa tairi upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi.

Bibi_wa_Mwera

Kaka yangu wa Kisauni, ya dawa na tairi nakuunga mkono. Ya Novemba kamwambie bosi wake.

Tena Novemba hakuna rutab, tende mbivu laini zisizokaushwa. Watu wa Pangani wanaijua tende ya Ramadhani, iliyokauka, ya kwenye boksi. Mwezi wa sita ndipo tende mpya zinapoanza kuiva, na aina inayoitwa naghal ndiyo inayotangulia. Inachumwa laini, nusu ngumu nusu imeiva, inayeyuka mdomoni, na haivumilii safari, lazima uifuate ilipo. Wenye mashamba wanawapelekea jirani sahani kabla hawajauza. Mama kama hana sukari ale, kama anayo aonje moja amshukuru Mungu.

Na wewe wa Kisauni usijidai mgeni wa historia hii. Mtoto wa yule Imam, Saif bin Sultan, ndiye ambaye jeshi lake liliitwaa Ngome ya Yesu huko kwenu Mombasa mwaka 1698.

Mzee_wa_Kisauni

Haya bibi, nimenyamaza. Tende hukunitumia hata siku moja.

Kijana_wa_Pangani

Ahsanteni sana. Mama nimemsomea yote, kwenye mabomba akacheka, kwenye rutab akanyamaza, nadhani keshaamua. Anauliza avae nini, na kama atapata mtu wa kuzungumza naye zaidi ya dada yake, maana Kiarabu chake ni cha msahafuni tu. Na swali langu la gari bado.

Bibi_wa_Mwera

Mwambie dada yangu Kiswahili atakisikia mpaka achoke. Nizwa kuna familia zilizorudi kutoka Unguja, Pemba, Burundi, Kongo hata. Atapita sokoni, ataona mzee kakaa kwenye duka la halua, atasema neno moja kwa mwanawe kwa Kiswahili, na mzee atageuka amuulize kwao wapi. Hapo hamtoki nusu saa. Kahawa itamiminwa na haina sukari, ndiyo maana halua inatangulia. Akitosheka akitikise kikombe, asipokitikisa watamjazia tu.

Nguo: pamba. Buibui la kitambaa cha nailoni aliache, litamshika mwili. Deraa pana la pamba chini, juu ajitande kanga, hakuna atakayemshangaa. Viatu viwe vya soli nene, mawe ya ngomeni yanapata moto. Na alete sweta. Sicheki. Viyoyozi vya madukani na vya magari huku vinagandisha, nimeona wageni wakipata mafua mwezi wa sita.

Mlimani, Jabal Akhdar, mwendeni mkalale usiku mmoja mkiweza. Tambarare ya Saiq iko kama mita 2,000 juu, mchana hali ni ya kukaa nje, usiku mtatafuta shuka. Mawaridi mtayakosa, hayo ni ya Aprili, na makomamanga bado machanga. Lakini mama atapumua. Wingu jeusi mkiliona mlimani mchana, msipite bondeni hata kama mlipo ni pakavu. Mvua za kiangazi zinapiga juu kule, na maji yanashuka wadini, kwenye mikondo mikavu ya mabonde, kwa ghafla.

Gari muulize huyo dereva.

Mzee_wa_Kisauni

Gari dogo halipandi. Pale Birkat al Mawz, mwanzo wa mlima, kuna kizuizi cha polisi, wanaangalia kama gari linavuta kwa magurudumu yote manne. Prado, Land Cruiser, hayo yanapita. Ukiwa na Corolla wanakugeuza hata kama mama yako anaomba. Wengi wanaliacha gari pale chini na kukodi la mwenyeji na dereva wake, na kwa mgeni mimi naona hiyo ni bora kuliko kujaribu kona zile.

Ukiendesha mwenyewe, shida si kupanda, ni kushuka. Weka gia ndogo tangu juu na uache injini ilizuie gari. Ukikanyaga breki njia nzima zitaanza kunuka kabla hujafika kwenye kizuizi. Ukizisikia, ingia pembeni, njiani wametengeneza sehemu za kusimama, zima injini na breki usizimwagie maji.

Kutoka Maskati mpaka Nizwa kwenyewe barabara ni pana, kilomita kama 150, na basi la Mwasalat lipo. Mkishuka uwanja wa ndege usiku, msilale Maskati, pandeni usiku huo huo na mtoto wa mama mdogo aje awachukue. Asubuhi mtakuwa mmeshafika, na mama atakuwa hajalikuta jua njiani.

Kijana_wa_Pangani

Kuhusu sweta, mama anauliza kama anaruhusiwa kuazima la mama mdogo, begi lake limejaa dagaa wa Pangani.

Bibi_wa_Mwera

Aazime. Dagaa awafunge mara tatu.