Silsila mbili za Qadiriyya, ya Tabora na ya Unguja: mbona zinaachana kwa Maaruf al-Karkhi?

MjukuuWaTabora

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh na ndugu zangu, naomba msaada wa wenye elimu ya tarika. Bibi yangu mzaa mama, Allah amrehemu, alikuwa muridi (mfuasi) wa tarika ya Qadiriyya Tabora, na ameacha silsila yake, yaani mnyororo wa majina ya waliopokezana tarika, kwa herufi za Kiarabu, karatasi ndefu iliyobandikwa juu ya kitambaa. Inaanza kwa khalifa (naibu wa sheikh) aliyempa bai'a, yaani kiapo cha kuingia tarika, inapanda kwa Sheikh Zahur bin Muhammad al-Barawi, kisha Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi, kisha Sayyid Mustafa bin Salman wa Baghdad, hadi kwa Sheikh Abdulqadir al-Jilani, ambaye tarika inaitwa kwa jina lake. Upande wa baba nimepata nyingine, ya Unguja, nayo ni ya Qadiriyya, lakini haimtaji kabisa Sheikh Uways.

Nimezilaza pamoja nikazisoma jina kwa jina. Kutoka kwa Sheikh Abdulqadir kwenda juu ni sawasawa: Abu Said al-Mubarak, al-Hakkari, at-Tarsusi, at-Tamimi, ash-Shibli, al-Junayd, Sari as-Saqati, Maaruf al-Karkhi. Hapo zinaachana. Ya Tabora inakwenda kwa Daudi at-Tai, Habib al-Ajami, Hasan al-Basri, kisha Sayyidna Ali. Ya Unguja inakwenda kwa Imam Ali ar-Ridha na kupanda mtu na baba yake mpaka Sayyidna Husein, kisha Sayyidna Ali.

Mjomba anasema lazima moja iwe ya uongo, na nisiwanakilie watoto mpaka nijue ipi. Je, ni kweli? Na huku Unguja Sheikh Uways kaachwa vipi?

Mwana_wa_Hauli

Waalaykum salaam. Zote ni sahihi, dada. Kwetu khalifa akisoma silsila kwenye hauli, kisomo cha kila mwaka cha kumkumbuka sheikh aliyefariki, akifika kwa Maaruf huzitaja njia zote mbili. Mwambie mjomba atulie.

MwandishiWaZawia

Waalaykum salaam warahmatullah, mwanangu. Swali lako limenifurahisha, maana wengi wana karatasi hizi sandukuni na hawazifungui mpaka mchwa wamezimaliza. Kazi ya kunakili silsila katika zawia yetu, nyumba ya zikri ya tarika, niliipokea kwa marehemu baba, kwa hiyo vumilia nikieleza kwa urefu.

Maaruf al-Karkhi alifariki Baghdad mwaka 815. Masufi waliomhadithia wamemtaja kwa masheikh wawili. Wa kwanza ni Daudi at-Tai, mtu wa Kufa, aliyeacha halaka (darasa) za fiqhi akajitenga kwa ibada. Wa pili ni Imam Ali ar-Ridha, ambaye masimulizi yao yanasema Maaruf alisilimu mikononi mwake. Mtu mmoja, walimu wawili. Mwandishi mwenye nafasi ya mstari mmoja tu huchagua mmoja, na mara nyingi huchagua kama alivyochagua mwandishi aliyemtangulia. Ile ya kupitia kwa Maimamu wa Ahlul-Bayt, yaani watu wa nyumba ya Mtume, huitwa silsila ya dhahabu, kwa sababu kila jina ni mtoto na baba yake. Watu wa pwani, wenye mapenzi makubwa na Masharifu, waliipenda sana hiyo. Lakini ya Hasan al-Basri nayo utaikuta kila mahali, kwa Qadiriyya na kwa tarika nyingine zinazopitia kwa al-Junayd. Kwa hiyo hakuna ya uongo hapo kwa kuwa zimeachana tu.

Tazama na jina la Abu Said al-Mubarak. Huenda karatasi moja imemwita al-Makhzumi na nyingine al-Mukharrimi. Ni mtu yuleyule, mwalimu wa Sheikh Abdulqadir aliyemvisha khirka, vazi la kupokea njia ya kisufi. Nukta moja na herufi moja ya wau zinatosha kuzaa majina mawili kwenye mwandiko wa haraka.

Sasa huku kwetu. Ndugu wengi wanadhani Qadiriyya yote ya Afrika Mashariki imeshuka kwa Sheikh Uways. Haki yake ni kubwa na hakuna wa kumpunguzia: mzaliwa wa Barawa, alichukua ijaza (ruhusa ya kutoa tarika) Baghdad penyewe, akarudi, akaja Unguja zama za Sultani Sayyid Barghash, na makhalifa wake wakaifikisha tarika bara mpaka Tabora na mbele zaidi. Aliuawa Biyoley, Somalia, mwaka 1909, na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdallah Hassan, waliokuwa wa tarika ya Salihiyya. Inaniuma kila nikiikumbuka habari hiyo, muridi kumuua muridi wa njia nyingine. Lakini Unguja kulikuwa pia na Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, naye mzaliwa wa Barawa, kadhi na mwanachuoni mkubwa, aliyefariki 1896. Tawi lake la Qadiriyya liliitwa Nuraniyya. Na kaskazini kule Somalia kulikuwa na tawi la Sheikh Abdurahman az-Zaylai, aliyefariki 1882. Matawi yote haya shina lake ni Jilani, na si lazima yapite kwa Sheikh Uways. Basi ya Unguja ikiwa haina jina lake, tafuta kwanza kama inamtaja al-Amawi au wanafunzi wake.

Maoni yangu ni kwamba mjomba anakagua juu wakati kazi iko chini. Majina ya juu yamesomwa na maelfu ya watu kwa karne nyingi. Kosa likiingia linaonekana. Wanaopotea ni wale watatu wanne wa mwisho, khalifa wa mtaani, aliyempa yeye, na huyo aliyempa. Hao hawamo katika kitabu chochote. Ukizembea, wajukuu watabaki na kamba iliyofungwa vizuri Baghdad na kukatika Tabora.

TalibulHadith

Assalaam alaykum. Nasema kwa heshima, kwa sababu dada ameuliza kuhusu ukweli. Kwa vipimo vya hadithi, njia zote mbili zina maneno. Hasan al-Basri alizaliwa Madina karibu na mwaka 642, na Sayyidna Ali akahamia Iraq 656, Hasan akiwa kijana wa miaka kumi na minne hivi. Wapo maimamu wa hadithi waliokataa kwamba alisikia kwake, na Ibn Salah na Ibn Hajar hawakuikubali isnadi (mnyororo wa wapokezi) ya khirka. Imam Suyuti aliandika risala kuitetea. Hata Imam Ridha aliishi Madina mpaka Khalifa Maamun alipomwita Khurasan, na Maaruf alikuwa Baghdad, kwa hiyo wanahistoria wanauliza walikutana wapi. Silsila isifanywe kama Sahihi ya Bukhari, kitabu cha hadithi.

MwandishiWaZawia

Umesema kwa adabu, ndugu yangu, na uliyoyataja ni kweli. Khilafu hiyo ni ya zamani na wakubwa wa pande zote mbili wameingia. Nakubaliana nawe kwamba silsila si dalili ya hukumu ya sharia. Halali na haramu hatuzichukui huko. Lakini muridi hapewi silsila ili athibitishe hadithi. Anapewa ajue uradi (dua na zikri za kila siku) anaousoma baada ya alfajiri aliruhusiwa na nani, na huyo aliruhusiwa na nani. Mnyororo wa ruhusa na malezi una kipimo chake, ndiyo maana nasisitiza huku chini, ambako tunaweza kuuliza watu walio hai.

BintiZikri

Naomba niongeze jambo. Dada, angalia kwa makini kama bibi yako hakuwa khalifa mwenyewe. Tumezoea kudhani wanawake walikuwa wapishi wa maulidi tu. Nkhotakota, Malawi, aliyeipandisha Qadiriyya ni mwanamke kutoka Unguja, Mtumwa binti Ali bin Yusufu, aliyefariki 1958, na aliwapa wanawake wenzake ukhalifa. Silsila ya muridi wa kawaida mara nyingi ni fupi na haina maneno ya kuruhusu. Kama chini ya jina la bibi pameandikwa kwamba ameruhusiwa kutoa bai'a, hiyo ni ijaza.

MjukuuWaTabora

Allah awalipe kheri nyote. Maalim, umepatia: moja ina al-Makhzumi na nyingine al-Mukharrimi! Na nimerudi kwenye ya Unguja, jina la al-Amawi limo, la tatu kutoka chini. BintiZikri, umenitoa machozi. Chini ya jina la bibi kuna mistari miwili nilidhani ni dua. Nimeona neno "ajaztu" lakini mengine yamefifia. Nifanye nini? Na watoto niwanakilie ipi?

MwandishiWaZawia

Maashallah. "Ajaztu" ni khalifa wake anasema "nimempa ijaza". Usiloweshe karatasi, usiifute, wala usipitishe kalamu juu ya wino wa zamani hata kama unaona herufi vizuri. Ipige picha mchana karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu, halafu upige tena kwa nyuma, maana wino hupenya kitambaa na maneno yaliyokufa mbele huonekana huko. Muhuri ukiwepo upige peke yake.

Watoto wanakilie zote mbili, kila moja kwenye ukurasa wake, na juu uandike imetoka kwa nani, Tabora au Unguja. Usizichanganye ukatengeneza moja ndefu. Kwa Maaruf acha kila moja iende njia yake kama ulivyoikuta.

Kisha nenda Tabora ukaulize wazee wa tarika kuhusu yule khalifa wa bibi: alizikwa wapi, hauli yake husomwa mwezi gani, na nani alishika zikri baada yake. Nenda mwaka huu, wazee hao hawatusubiri. Picha ya ile mistari miwili ukiileta hapa nitajaribu kuisoma, ila ziba kwanza majina ya walio hai.